Moto Juu, Moto Chini: Historia ya Keki ya Bethidei Iliyopikwa Uani

Mwaka 1984, Magomeni, Dar es Salaam. Mama mmoja kaamka saa kumi na moja alfajiri, kajifunga khanga yake, kikapu kwapani, anawahi foleni ya duka la ushirika. Tetesi za jana jioni zinasema sukari imeshuka. Nyumbani kamwacha binti yake anayetimiza miaka sita Jumamosi, na huyo binti kashawatangazia watoto wa mtaa mzima kwamba kwao kutakuwa na keki.

Shida ni moja tu. Keki yenyewe haina sukari, haina unga, haina siagi. Kuna mayai matatu na maneno ya mtoto.

Jina la mama huyu hulikuti kwenye kitabu chochote cha historia. Lakini ukitaka kujua keki ya bethidei ilifikaje kwenye meza zetu, huwezi kumruka yeye na maelfu ya kina mama kama yeye. Basi tumwache kwanza kwenye foleni, maana foleni yenyewe ni ndefu, turudi nyuma kidogo.

KEKI YA KWANZA KWANZA ILIKUWA YA MABOSI

Picha linaanza Ujerumani. Mwaka 1746 kabaila mmoja, Ludwig von Zinzendorf, alikuwa anatimiza miaka 46. Mtu aliyeshuhudia sherehe hiyo aliandika kwamba keki ilikuwa kubwa kadiri oveni ilivyoweza kubeba, imetobolewa matundu kwa idadi ya miaka ya mwenye siku yake, na kila tundu lina mshumaa, halafu mwingine umesimama katikati. Hii ni moja ya taarifa za zamani kabisa zilizoandikwa kuhusu keki yenye mishumaa ya miaka.

Umeona? Hakuna mtoto hapo. Ni mtu mzima, tena mwenye vyeo na mashamba. Na kulikuwa na sababu.

Kwanza, sukari ilikuwa ghali. Pili, hapakuwa na bekingi pauda. Ukitaka keki iumuke ulikuwa na njia mbili, utumie hamira na kusubiri, au upige mayai mpaka yajae hewa. Na kupiga kwenyewe si mchezo. Vitabu vya mapishi vya enzi hizo vinakwambia piga mayai saa nzima. Saa nzima, kwa mkono! Kwa hiyo kabla hujawa na keki, ilibidi uwe na mtumishi mwenye bega la chuma. Mama wa kawaida mwenye watoto watano na ng'ombe wa kukamua angeitoa wapi saa hiyo?

MKE ASIYEKULA MAYAI

Aliyebadilisha mchezo ni mfamasia mmoja wa Birmingham, Uingereza, anaitwa Alfred Bird. Mke wake alikuwa na tumbo lisilopatana na mayai wala hamira. Yaani kastadi ya mayai hali, mkate wa kawaida hali. Sasa mume ana duka la dawa, ana unga wa kila aina kwenye makopo, akaanza kujaribu. Mwaka 1837 akatengeneza kastadi isiyo na yai. Mwaka 1843 akaja na unga ambao ukiuchanganya na ngano ukapata unyevu na joto, unatoa hewa na kuumusha wenyewe. Ndiyo bekingi pauda hiyo.

Baadaye Wamarekani nao wakaja na ya kwao, na Ujerumani mfamasia mwingine, August Oetker, kuanzia miaka ya 1890 akawa anaiuza kwenye vipakiti vidogo vilivyopimwa tayari, kimoja kinatosha nusu kilo ya unga. Ule ujanja wa kipakiti unaouona dukani kwa Mangi mpaka leo ulianzia huko.

Watu huwa wanasema bekingi pauda ilirahisisha mapishi. Ni kweli, lakini ilifanya na kubwa zaidi. Ilimruhusu mtoto kuingia jikoni. Kazi iliyokuwa inataka bega la mtu mzima kwa saa nzima sasa ilikuwa ya dakika chache, na mtoto wa miaka minne akipewa mwiko hawezi kuiharibu sana. Keki ikashuka kutoka kwa kabaila ikaja kwa mtoto.

Hata wimbo tunaoimba wote, ule wa kumtakia mtu heri ya siku yake, ulizaliwa kwa ajili ya watoto wadogo. Dada wawili wa Louisville, Marekani, Patty na Mildred Hill, mmoja mwalimu wa chekechea na mwingine mpiga piano, walitunga sauti yake na ikachapishwa mwaka 1893 kama wimbo wa kuwasalimia wanafunzi asubuhi. Maneno ya bethidei yalikuja kupachikwa baadaye. Halafu kampuni zikaugeuza mradi, zikawa zinatoza hela kwa kila filamu inayoutumia, mpaka mwaka 2015 mahakama ya Marekani iliposema kampuni husika haina haki halali ya maneno hayo. Mwaka uliofuata wakakubali kulipa dola milioni 14 kumaliza kesi. Wimbo wa chekechea huo!

SUKARI INA MACHOZI YAKE

Hapa kwetu sasa. Usije ukadhani vitu vitamu vililetwa na meli ya Mzungu. Karne ya 19, kandokando ya Mto Pangani, kulikuwa na mashamba makubwa ya miwa. Abushiri bin Salim, huyohuyo uliyemsoma shuleni kwamba aliongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa na shamba la miwa huko. Ila lazima lisemwe na hili, mashamba hayo yalilimwa kwa nguvu za watumwa. Sukari ya Pangani haikuwa tofauti na ya Karibi kwenye jambo hilo. Wengi waliokata miwa ile hawakuonja utamu wake, na majina yao hayakuandikwa.

Na unga wa ngano nao una stori yake. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, serikali ilifungua mashamba makubwa ya ngano Basotu, wilaya ya Hanang. Ekari kama 100,000 zilichukuliwa. Ilikuwa ardhi ya malisho ya Wabarabaig, na ndani yake mlikuwa na makaburi ya wazee wao. Wafugaji walienda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu, wakaja kushindwa Mahakama ya Rufani. Nia ya mradi ilikuwa taifa lijitosheleze kwa mkate. Lakini ng'ombe wa mtu alikosa pa kulisha ili mjini watu wapate maandazi na keki. Ukishika kisu cha kukatia keki, kumbuka na hilo.

BIBI ZETU WALISHAJUA

Sasa swali. Oveni walikuwa nazo wangapi? Wachache mno. Nyumba za wakubwa Oyster Bay, misheni, hoteli. Uswahilini hakuna. Lakini keki zilipikwa. Zilipikwaje?

Jibu liko kwenye neno moja: kupalia.

Mwambao wote, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, mama akipika wali, ukikaribia kukauka anapunguza moto wa chini, anafunika chungu au sufuria, anaweka makaa juu ya mfuniko. Huko ndiko kupalia. Chakula kinapata joto juu na chini kwa pamoja. Mkate wa kumimina, ule wa mchele na nazi na iliki unaoliwa sana Ramadhani, unaokwa hivyohivyo, moto juu, moto chini, mpaka unakuwa na rangi ya dhahabu.

Oveni ni nini zaidi ya hapo? Ni sanduku linalokizungushia chakula joto pande zote. Huko Uingereza mpaka mwaka 1923 ndipo jiko la gesi lenye kidhibiti joto cha kujiendesha lilipoingia sokoni. Kabla ya hapo hata mama wa Kizungu alikuwa anaingiza mkono kwenye oveni na kuhesabu kuona ataweza kuvumilia kwa muda gani. Mama wa Kiswahili naye alikuwa anasogeza kiganja juu ya makaa, anatoa vipande viwili, anaongeza kimoja. Ujuzi ni uleule, tofauti ni bati tu.

Kwa hiyo keki ilipokuja, haikukuta jiko tupu. Kina mama walichukua sufuria kubwa, wakaweka mchanga mkavu chini ili joto lisiunguze, wakadumbukiza sufuria ndogo iliyopakwa mafuta na kunyunyiziwa unga, wakafunika, wakapalia. Kanuni waliifundishana kwa mdomo: moto wa juu uzidi wa chini, na mfuniko usiguswe mpaka harufu ifike barazani. Hakuna aliyeisajili kanuni hiyo kama Bird alivyouza unga wake. Hakuna aliyelipwa.

TURUDI FOLENI

Mwaka 1984 hali ilikuwa ngumu kweli. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeikausha nchi, mafuta bei juu, fedha za kigeni hakuna. Sukari, sabuni, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, vyote vya kusaka. Mwaka mmoja nyuma, 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alikuwa ameendesha msako mkali wa walanguzi na wahujumu uchumi, mpaka watu wengine wakawa wanatupa bidhaa usiku kwa kuogopa kukamatwa nazo. Kukutwa na magunia ya sukari ilikuwa kesi.

Katika hali hiyo, mtoto anasema anataka keki.

Mama yetu wa Magomeni alikuwa na mpango wake. Kwa wiki kadhaa chai ya nyumba ile ilinywewa na chumvi kidogo badala ya sukari. Baba alinuna siku mbili, akazoea. Kila siku kijiko kimoja kimoja kinaingia kwenye kopo lililofichwa chini ya kitanda. Foleni ya asubuhi ile ilimpa sukari kidogo, akajumlisha na ya kopo. Unga aliupata kwa shoga yake ambaye mumewe alifanya kazi bandarini, na hakuna aliyeuliza ulitoka wapi. Siagi ikakosekana, akatumia mafuta ya nazi. Bekingi pauda ikatoka kwa mama wa Kihindi aliyekuwa akimfulia nguo, kijiko kimoja kimefungwa kwenye karatasi.

Jumamosi asubuhi uani pakajaa watoto. Mmoja kashika bakuli lisicheze, mwingine anakuna ganda la limau, mwenye siku yake ndiye kashika mwiko na hataki kumwachia mtu. Kupiga mayai kwa zamu, kila mtoto mara ishirini, wanahesabu kwa sauti. Hapo kuna hesabu, kuna kusubiri zamu, kuna kugombana na kupatana. Rojo lilipomiminwa kwenye sufuria, bakuli likabaki na mabaki yake, na wote mnajua kilichofuata. Vidole tisa kwenye bakuli moja.

Mama akapalia. Akasema, "Atakayegusa mfuniko, keki ataisikia kwa wenzake."

Akaingia ndani mara moja kuchukua leso. Alipotoka, mwenye siku yake alikuwa kasimama na mfuniko mkononi, majivu yameanguka, na keki imezama katikati kama kiti kilichokaliwa.

Mtoto akaanza kulia kabla hajaguswa. Watoto wengine wakarudi nyuma ukutani. Wiki zote zile za chai ya chumvi, mbele ya macho.

Mama aliangalia sufuria. Akafunika tena, akaongeza makaa mawili, akakaa kwenye kigoda bila kusema. Keki ilipoiva akaifyagia majivu, akaipindua kwenye sinia, chini ikawa juu. Upande wa chini ulikuwa umenyooka, rangi nzuri, hauna kovu. Akachukua mshumaa wa kawaida, ule wa kuwasha umeme ukikatika, akaukata vipande sita.

Watoto wakaimba. Binti akapuliza. Akamwagiwa maji na wenzake mpaka gauni likaganda mwilini, maana bethidei ya Kibongo bila kumwagiwa maji haijakamilika. Halafu akawalisha keki mmoja mmoja kwa mkono wake, akaanza na mama.

RUKSA IKAJA NA MENGINE

Mwaka 1985 akaingia Mzee Mwinyi, milango ya biashara ikafunguka, watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Sukari ikarudi, siagi ya kopo ikarudi, na bekingi pauda ikawa kitu cha dukani. Mwaka 1994 televisheni za Bara zikaanza kurusha matangazo, Zanzibar wao walikuwa nayo tangu 1973, na watoto wakaanza kuona bethidei za kwenye filamu, zenye maputo na keki za rangi.

Huko Marekani nako keki za watoto zilishakuwa biashara kubwa. Mwaka 1963 kampuni ya Kenner ilitoa oveni ya kuchezea, Easy-Bake, inayooka kwa joto la balbu mbili za umeme. Mwaka wa kwanza tu ziliuzwa kama nusu milioni. Lakini usidhani vya Wazungu havina ajali. Mwaka 2007 toleo jipya la oveni hiyo, karibu vipande milioni moja, liliitwa lirudishwe baada ya watoto kunasa mikono na kuungua. Moto ni moto. Uwe wa mkaa au wa plastiki ya rangi ya waridi, mtoto anahitaji mtu mzima pembeni yake.

Kisha ikaja Instagram mwaka 2010, na hapo ndipo shughuli ikabadilika kabisa. Keki ikawa ya ghorofa, ikapakwa fondanti, ikabeba sura ya katuni. Keki ya bethidei ya mwaka mmoja ya mtoto asiyejua hata jina lake inaweza kula kodi ya miezi miwili. Na mtoto mwenyewe? Anaambiwa, "Usiguse, tunapiga picha kwanza." Kuna mzazi anakopa ili apate picha. Kuna mwingine anaacha kabisa kumfanyia mwanawe siku yake kwa aibu ya kuonekana na keki ya sufuria.

Aibu hiyo ni ngeni. Mwaka 1984 haikuwepo.

BINTI KAKUA

Yule binti wa mfuniko naye akawa mama. Na angalia maisha yalivyo, akawa mpishi wa keki. Ana oveni ya gesi, ana mashine ya kupigia mayai, ana ukurasa wake na oda za kila wikiendi. Ijumaa usiku halali. Jumamosi bodaboda zinapanga mlangoni kuchukua keki za watoto wa watu.

Mwanawe wa kiume alikuwa anatimiza miaka mitano. Bethidei zake zote nne za nyuma alipewa keki iliyobaki, au iliyokataliwa na mteja, ina jina la mtoto mwingine limefutwa kwa kisu. Jikoni alikuwa haruhusiwi, maana jiko lilikuwa ofisi.

Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na za msingi hazikufunguliwa mpaka Juni 29. Sherehe zikakatika, oda zikakatika. Mtungi wa gesi ukaisha na hela ya kujaza ikawa ya kufikiria. Unga ulikuwepo. Mtoto yupo nyumbani kutwa, anauliza bethidei yake lini.

Akamwita bibi kutoka Magomeni.

Bibi alifika na sufuria mbili kwenye mfuko wa rambo na mchanga mkavu kwenye kopo. Hakuuliza mashine iko wapi. Alimkalisha mjukuu kwenye kigoda, akampa mwiko. "Piga, mjukuu wangu. Hesabu kwa sauti." Mama mtu akataka kumpokea mtoto mwiko kwa sababu rojo lilikuwa linarukia sakafuni. Bibi akamzuia. "Mwache. Wewe nani alikunyang'anya?"

Wakapalia. Bibi akatoa onyo lake la mfuniko, lilelile, neno kwa neno. Halafu akajifanya anasinzia.

Ndiyo, mtoto alifungua. Majivu, keki ikazama, na yule mama, mtu mzima mwenye wateja mia, akapiga kelele kama vile oda ya harusi imeharibika. Mtoto midomo ikaanza kutetemeka.

Bibi hata hakusimama. Akamtazama binti yake, akasema neno moja tu. "Geuza."

Picha ya keki ile haijawahi kupostiwa. Ilikuwa ya kahawia, haina krimu wala jina la mtu. Mtoto akailisha nyumba nzima kwa mkono wake, na sasa kila Jumamosi, hata oda ziwe nyingi vipi, kuna bakuli moja ambalo halioshwi mpaka yeye amalize nalo.

Kwenu ilikuwaje? Nani alikuwa anapika, nani alifungua mfuniko? Tiririka hapo chini.